Dhiki ya Wanaojifunza Kuponya

Katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambapo baridi ya Julai humwingia mtu hata akiwa amejifunika blanketi mbili, umesimama mji wa Eldoret, ambao watu wa mbali huujua kwa wakimbiaji wake na kwa mahindi na ngano ya mashamba yanayouzunguka, na ambao Agosti 2024 ulipewa hati ya kuwa jiji. Kwa wagonjwa wa kaskazini ya Bonde la Ufa, wa Magharibi, wa sehemu za Nyanza, na hata wa Uganda ya mashariki na Sudan Kusini, Eldoret ni mahali anapopelekwa mtu ambaye hospitali za kwao zimeshindwa na maradhi yake. Hospitali iliyoanza mwaka 1917 kwa majengo machache ya zama za ukoloni imekua hata ikawa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, yenye vitanda vipatavyo elfu moja, na ubavuni mwake wanasoma vijana wa Chuo Kikuu cha Moi wanaotaka kuwa madaktari, wauguzi na matabibu wa meno, pamoja na wenzao wa Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, wanaotaka kuwa maafisa wa kliniki na wauguzi. Mwenye kupita Barabara ya Nandi alfajiri huwaona makundi kwa makundi, koti jeupe mkononi, wakielekea wodini kabla jua halijapasha moto mabati.

Mintarafu ya vijana hawa sifa zimesemwa nyingi. Wazazi hujivunia, vijiji huwaita madaktari tangu siku ya barua ya kuitwa chuoni, na magazeti huwapiga picha pindi matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa. Yasemwayo kwa uchache ni kwamba wengi miongoni mwao hupitisha miaka minne, mitano au sita katika mfadhaiko wasiouzungumza, unaowapunguzia usingizi, unaowakosesha hamu ya chakula, na mara nyingine unaowafikisha kwenye sonona iliyo ugonjwa kamili. Swali ni asili ya mfadhaiko huo. Jibu lililozoeleka ni kwamba masomo ni mengi na vifo ni vingi, na kwamba asiyeweza kustahimili mambo hayo mawili alikosea njia tangu mwanzo. Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyowafanya wenye vyuo wapumzike. Hoja ya uchambuzi huu ni nyingine: kinachomwelemea mwanafunzi wa tiba kuliko wingi wa vitabu ni kutwikwa dhamana asiyo na madaraka juu yake, mbele ya macho ya watu anaowaogopa, katika nyumba moja ambayo ni darasa lake, mahali pake pa kazi, mahakama yake na, siku akiugua, hospitali yake.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2016 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha majumuisho ya tafiti karibu 200 zilizofanywa katika nchi 43, zikiwahusu wanafunzi wa udaktari zaidi ya 120,000, na ikaonekana kwamba asilimia 27.2 yao walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 walikuwa wamepitiwa na fikira za kujiua. Kwetu Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya wanafunzi wa fani mbalimbali wa Chuo Kikuu cha Nairobi ulikuta dalili za sonona za wastani kwa asilimia 35.7 na dalili kali kwa asilimia 5.6. Hesabu za namna hii yafaa zisomwe kwa hadhari, kwa kuwa hutokana na dodoso alilolijaza mwanafunzi mwenyewe, na dodoso halina macho ya daktari. Kijana aliyekesha akisoma kwa ajili ya mtihani wa kesho atajibu maswali ya usingizi na uchovu kwa namna ambayo asingeyajibu mwezi mmoja baadaye. Tena hesabu ya Nairobi yatukataza kudai kwamba mwanafunzi wa tiba ndiye peke yake mwenye dhiki, ilhali mwenzake wa sheria au wa ualimu naye analia. Lakini hata tukiikata hesabu ya 2016 nusu kwa nusu, katika darasa la watu 60 wanabaki wanane, nao wanane hao ndio watakaotukata, kutushona na kutuzalisha.

Wala si kila dhiki ni adui. Hans Selye, aliyeandika mwaka 1936 juu ya namna mwili unavyojibu madhara ya kila aina kwa mfuatano mmoja wa mabadiliko, alieleza silaha ya kujikinga kabla haijawa maradhi. Na mapema zaidi, mwaka 1908, Robert Yerkes na John Dodson walionyesha kwamba msukumo wa kiasi humwongezea kiumbe uwezo wa kujifunza na msukumo wa kupita kiasi humwondolea. Walitumia panya, si wanafunzi, jambo ambalo wapenzi wa kunukuu majina yao husahau kulitaja. Hata hivyo kila aliyepata kukaa katika chumba cha mtihani anajua kwamba wasiwasi kidogo humfanya mtu asome swali mara mbili. Mafunzo ya tiba bila dhiki yoyote yangekuwa udanganyifu, maana kazi yenyewe ina dhiki, na mgonjwa anayetokwa na damu hangoji tabibu atulize moyo. Basi uchambuzi hauna budi kutenga dhiki inayofundisha na ile isiyofundisha lolote, nami nadhani sehemu kubwa ya inayowapata wanafunzi wetu ni ya namna ya pili.

Wingi wa masomo ni wa namna ya kwanza, japo ni mzito. Anatomia, fisiolojia, famakolojia na elimu ya vijidudu ni bahari, na mwanafunzi wa udaktari hupewa miaka sita ya kuivuka. Mwanzoni hukutana na maiti juu ya meza, na baadaye hupata ule ugonjwa wa kuchekesha unaojulikana dunia nzima, wa kuona mwilini mwake dalili za kila maradhi anayoyasoma juma hilo, hata akienda kujipima moyo kwa sababu ya mdundo mmoja uliokosea. Waasisi wa shule ya tiba ya Eldoret waliliwazia jambo hili mapema. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na wanafunzi wa kwanza wa udaktari wakaingia mwaka 1990, wakati ambapo nchi ilikuwa na shule moja tu ya udaktari, ile ya Nairobi iliyoanza mwaka 1967. Badala ya kuiga ufundishaji wa mhadhara mrefu na daftari lililojaa, walichukua mtaala wa kujifunza kwa makundi madogo yanayofumbua tatizo la mgonjwa, na wakauongezea utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi vijijini na katika vituo vya afya ili wakayaone maradhi yanakozaliwa; vyuo vya Linköping, Maastricht, Ben-Gurion na Indiana vikawa washirika wao katika safari hiyo. Ilikuwa tadbiri njema. Mwanafunzi aliyekaa katika kituo cha afya cha Mosoriot akaona mama anayetembea saa mbili kuja kliniki huacha kuuliza kwa nini mama huyo amechelewa kuja, na elimu ya namna hiyo haimchoshi mtu kama zinavyomchosha kurasa mia za kukariri.

Lakini tusiusifu mtaala kuliko unavyostahili. Katika kundi la watu wanane hakuna mahali pa kujificha, na kijana aliyelelewa shule za bweni ambako kusema bila kuulizwa ni utovu wa adabu hujikuta ghafla akipimwa kwa wingi wa maneno yake. Fauka ya hayo, idadi ya wanafunzi katika vyuo vyetu imeongezeka upesi kuliko idadi ya walimu, na kundi dogo likishakuwa kubwa jina lake hubaki lile lile na manufaa yake huondoka.

Sasa tuingie wodini, maana huko ndiko jambo hili linakokaa. Tuchukue asubuhi ya kawaida katika wodi ya wanaume, isiyo ya hospitali fulani, kwa kuwa mambo haya hayatofautiani sana kutoka Eldoret hata Mombasa, Dar es Salaam au Kampala. Mwanafunzi wa mwaka wa tano amefika saa kumi na mbili. Amesoma faili la mzee aliyelazwa kwa ugonjwa wa figo, amempima shinikizo la damu, amemuuliza kama amepata haja ndogo, ameandika yote. Saa mbili raundi inaanza: konsaltanti mbele, nyuma yake daktari anayesomea ubingwa, kisha daktari mwanagenzi, kisha muuguzi mwenye zamu, na mwisho wanafunzi, wamejipanga kwa utaratibu usioandikwa popote ila unaojulikana na wote. Wanafika kitandani. Mwanafunzi anasimulia kesi yake vizuri mpaka konsaltanti anamkatiza.

"Potasiamu ya mzee huyu ni ngapi?"

"Daktari, majibu hayajarudi kutoka maabara."

"Hayajarudi, au wewe hukuyafuata?"

Kweli ni kwamba mashine ya maabara imeishiwa na kemikali tangu jana, jamaa wa mgonjwa wameambiwa wapeleke damu kwenye maabara ya nje mjini, nao hawana fedha, na mwanafunzi ameyajua hayo yote usiku lakini hana wa kumwambia, maana daktari mwanagenzi alikuwa peke yake kwa wodi mbili. Anatazama chini. Wenzake nao wanatazama chini, kila mmoja akishukuru kwamba zamu si yake. Konsaltanti, ambaye si mtu mbaya na ambaye mwenyewe ana kliniki ya watu 70 inayomngoja, anasema maneno mawili matatu juu ya vijana wa siku hizi, kisha msafara unasonga kitanda cha pili. Yule mzee ndiye anayegeuza shingo na kusema kwa sauti ndogo, "Pole, mwanangu."

Kijana huyo amejifunza nini? Kuhusu figo, hakuna. Amejifunza kwamba upungufu wa hospitali ni kosa lake, kwamba kusema kweli hakumwokoi mtu, na kwamba kesho, akiulizwa, ni salama zaidi kutaja nambari ya kubuni. Hilo la mwisho linaogofya kuliko machozi yoyote, na aliyepata kufanya kazi hospitalini anajua kwamba hutokea. Mwaka 1979 Robert Karasek, mtaalamu wa mambo ya kazi, alieleza kwamba kazi inayovunja afya ya mtu ni ile yenye madai mengi na madaraka kidogo, ilhali yenye madai mengi na madaraka mengi huweza hata kumkuza anayeifanya. Mwanafunzi wa tiba yuko katika pembe mbaya kabisa ya mchoro huo: mfano wake ni hamali aliyebebeshwa gunia asilolijua uzito, akakatazwa kuuliza linakokwenda, kisha akaulizwa kwa nini limechelewa kufika.

Kwa wanafunzi wa uuguzi na wanaosomea uafisa wa kliniki jambo hili ni kali zaidi, japo husikika kidogo kwa sababu hadhi yao katika safu ile ni ya nyuma. Wodi ikiwa na muuguzi mmoja kwa wagonjwa 40, mwanafunzi huhesabiwa kuwa mkono kamili; hutandika, hupima, hutoa dawa, hukimbia benki ya damu, huwatuliza jamaa; lakini wakati wa kuamua lolote hukumbushwa kwamba yeye ni mwanafunzi tu. Kijitabu chake cha kumbukumbu lazima kitiwe saini kwa kila mama aliyemzalisha na kila kidonda alichokisafisha, na mwenye kutia saini ana haraka, au amekasirika, au ametoka zamu, hata msichana hujikuta akimfuata mtu ukumbini kama mwombaji ili apate haki ya kazi aliyokwisha kuifanya.

Kisha kuna mauti. Wengi hudhani kwamba kuona mtu akifa ndiko kunakomvunja mwanafunzi, nami siamini kuwa ndivyo. Watu wetu wameishi na mauti majumbani tangu zamani, na wana matanga, dua, na majirani wanaokuja kukaa. Hospitalini mtoto hufa saa tano asubuhi mikononi mwa msichana wa miaka 22 ambaye kwa dakika 40 alikuwa akimkandamiza kifua, na saa nane mchana msichana huyo anatakiwa darasani kusikiliza somo la upungufu wa damu, na baina ya saa tano na saa nane hakuna hata mmoja anayemwuliza neno. Kilichokosekana hapo ni tanga, ni ule muda mfupi wa watu kukaa pamoja na kukiri kwamba jambo limetokea. Mtu akikosa muda huo mara nyingi hujifanyia ganda. Utafiti wa Mohammadreza Hojat na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009 juu ya wanafunzi wa Philadelphia, uliona kwamba huruma ya wanafunzi haikupungua walipokuwa vitabuni; ilishuka katika mwaka wa tatu, mwaka wanaoanza kukaa na wagonjwa. Ni ajabu ya kusikitisha, kwamba mgonjwa ndiye awe sababu ya tabibu kupoteza huruma. Lakini si ajabu kwa anayejua kwamba mwanafunzi huona namna anavyotendewa yeye, kisha hujifunza kuwatendea wengine vivyo hivyo.

Ganda hilo lina siri ndani yake. Chukua mkasa mdogo wa sindano. Mwanafunzi anatoa damu usiku, mgonjwa anashtuka, sindano inamchoma kidole. Kanuni inajulikana: aripoti mara moja, apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi kabla ya saa 72 kupita, azinywe kwa siku 28. Dawa zipo. Lakini kuripoti ni kukiri, na kukiri kwaweza kuitwa uzembe, basi wako wanaoosha kidole kwa sabuni, wakanyamaza, na wakabeba miezi mitatu ya hofu hata wapimwe kwa siri katika mji mwingine.

Na Eldoret ina kumbukumbu yake kubwa juu ya siri ya namna hii. Mwaka 2000, wakati dawa za kupunguza makali ya ukimwi zilikuwa ghali kupita uwezo wa Mkenya wa kawaida, mwanafunzi mmoja wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi alilala akikaribia kufa katika wodi za hospitali ile ile alimokuwa akisomea. Joe Mamlin, profesa wa Chuo Kikuu cha Indiana aliyekuwa akifanya kazi Eldoret, alimkuta katika hali hiyo, zikatafutwa dawa, na kijana akainuka kitandani akaishi. Mwaka uliofuata, 2001, ulianzishwa mpango wa AMPATH, ulioanza na kliniki za Eldoret na Mosoriot, na ambao umekuja kuwatibu watu kwa maelfu mengi magharibi ya Kenya. Mkasa huo husimuliwa kama mwanzo wa mpango mkubwa, na ndivyo ulivyo. Mimi husimama kwenye sehemu yake ya kwanza: kwamba miongoni mwa wale waliokuwa wakijifunza kubaini maradhi alikuwamo mmoja aliyekuwa anakufa, na kilichokatiza mauti yake ni mtu mmoja mwenye cheo aliyesimama kitandani pake na kuamua kwamba haiwezekani kupita tu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye fundo la jambo kwa mji kama Eldoret, na ambalo haliko Nairobi kwa kiasi hicho, kwa kuwa Nairobi ina mahali pengi pa kwenda. Mwanafunzi wa tiba wa Eldoret akishikwa na sonona, wataalamu wa kumtibu wapo, tena wazuri; lakini wengi wao ni walimu wake. Daktari wa maradhi ya akili atakayemfungulia moyo wake Jumatatu anaweza kuwa ndiye atakayemtahini katika somo hilo hilo mwishoni mwa muhula. Kwenye benchi la kungojea atawakuta wenzake wa darasa walio katika zamu ya kujifunza maradhi ya akili, na faili lake litakaa kwenye kabati linalofunguliwa na wanafunzi. Ana hiari ya kwenda na kujianika, au kutokwenda; wengi huchagua kutokwenda, kisha wenye chuo husema huduma ipo ila vijana hawaitumii.

Unyanyapaa wa nje nao ulichangia, na hata sheria ilikuwa upande wake. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Na ilitubidi tungoje hadi Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu iamue kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Kabla ya hapo mwanafunzi wa tiba alisoma darasani kwamba jaribio la kujiua ni dalili ya ugonjwa, na katika kitabu cha sheria kwamba ni jinai.

Mambo ya fedha nitayapitia upesi, kwa sababu yanajulikana na kila nyumba. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huchelewa, karo haichelewi. Mchango wa harambee uliomleta kijana chuoni umemfanya mdaiwa wa kijiji kizima, na mdogo wake wa kidato cha pili tayari anamngoja. Mwanafunzi wa biashara akichoka aweza kubadili kozi. Wa udaktari, ambaye baba yake aliuza shamba, habadili.

Laiti mwisho wa safari ungekuwa unaonekana, pengine hayo yote yangestahimilika. Lakini katika miaka hii mwisho wenyewe umekuwa ukisogezwa. Mgomo wa madaktari ulioanza tarehe 5 Desemba 2016 ulidumu siku 100, mpaka Machi 2017. Mwaka huo huo wauguzi waligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Madaktari wakagoma tena kuanzia Machi hadi Mei 2024. Na katika nusu ya pili ya mwaka huo Chuo Kikuu cha Moi chenyewe kilitikiswa na mgomo wa wahadhiri na ukata wa fedha hata masomo yakasimama. Sisemi kwamba waliogoma hawakuwa na haki, kwa maana mapatano yao na serikali yalikuwa yamevunjwa si mara moja. Nasema kwamba wodi bila konsaltanti si darasa, na mwanafunzi ambaye hana mshahara wa kugomea wala chama cha kumtetea ndiye aliyelipa kwa miezi ya ujana wake.

Naye akishahitimu, sheria inamtaka atumike mwaka mmoja wa unagenzi kabla ya kupewa leseni kamili, na hapo hukutana na mlango uliofungwa. Mwaka 2024 wahitimu walikaa nyumbani miezi mingi wakingoja kupangiwa vituo, huku serikali ikitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya zaidi ya shilingi 200,000 zilizotokana na mapatano ya 2017. Septemba mwaka huo taifa lilipata msiba wa tabibu mwanagenzi mmoja katika kaunti ya Kiambu aliyejiondolea uhai, na kwa siku chache kila mtu aliandika juu ya afya ya akili ya madaktari. Mwishoni mwa Desemba serikali na chama cha madaktari walitia saini mapatano mapya juu ya malipo hayo. Wanafunzi wa mwaka wa sita wa Eldoret walikuwa wakisoma habari hizo zote kitandani mwao usiku, kisha asubuhi wakaenda raundi.

Wako wazee wa taaluma wasemao kwamba wao waliyapitia haya yote, tena bila mshauri wala dodoso, na wakatoka madaktari hodari. Hoja yao nisingependa kuidharau, kwa kuwa ni ya watu waliojenga nchi. Ila wao walisoma walipokuwa wachache, kila mmoja akijulikana kwa jina na profesa wake, serikali ikilipa karo, na kazi ikimngoja mtu kabla hajavua joho. Tena waliotoka hodari ndio tunaowasikia. Walioacha, walioingia kwenye ulevi, na waliokufa mapema, hao hawaalikwi kutoa hotuba za mahafali. Uhodari wa aliyenusurika hauthibitishi ubora wa njia.

Basi tiba ya dhiki hii haiko katika semina za kuwafundisha vijana kuvuta pumzi kwa utulivu, ambazo siku hizi hufanywa Jumamosi, siku pekee ambayo wangelala. Marekani ilijifunza kwa gharama. Kifo cha msichana Libby Zion katika hospitali ya New York mwaka 1984, chini ya uangalizi wa madaktari vijana waliochoka, kililifikisha jimbo hilo mwaka 1989 kuwawekea mpaka wa saa 80 za kazi kwa wiki. Na tangu Januari 2022 mtihani wa kwanza wa leseni wa nchi hiyo hautoi tena alama, bali hutangaza kufaulu au kutofaulu tu, ili vijana waache kuuana kwa ajili ya nambari. Hayo ni mabadiliko ya utaratibu, hayakuwa mawaidha. Yetu yaweza kuanza hapa hapa. Konsaltanti aweza kuanza raundi kwa kumwuliza muuguzi ni vipimo gani hospitali imeshindwa kuvitoa leo, ndipo amwulize mwanafunzi yaliyobaki. Baada ya kifo wodini, dakika kumi za kukaa, zikiongozwa na yule mwenye cheo kuliko wote aliyekuwapo, zinatosha kuwa tanga dogo. Chuo cha Eldoret chaweza kupatana na cha Kisumu au cha Nairobi, wanafunzi wa huku wakatibiwa na wataalamu wa kule, hata kwa simu, na wanafunzi wa kule wakatibiwa na wataalamu wa huku, ili mtahini asiwe tabibu. Jambo hilo lahitaji makubaliano ya wakuu wawili kuliko linavyohitaji fedha.

Na kwa Wizara ya Afya na Baraza la Madaktari ombi ni moja. Idadi ya wanaohitimu inajulikana miaka sita kabla. Basi kila mwanafunzi na ajulishwe kituo chake cha unagenzi, tarehe ya kuripoti na kiasi cha malipo kabla ya kuingia katika mtihani wa mwisho, kwa barua iliyotiwa saini, na barua hiyo iheshimiwe.